Bakuli la Shaba la Mama Mianda

Mwezi wa saba kambi yetu yote ya wafanyakazi wa mgodi inacheka kwa pua. Si kwamba watu wa Kolwezi wana maringo. Ni baridi. Upepo unakuja asubuhi kutoka upande wa Mutoshi, mkavu, umebeba vumbi jekundu, na midomo inapasuka kama bukari, ugali wetu, ya jana iliyosahauliwa bila kifuniko. Mtu akikuhadithia jambo la kuchekesha unamshika mkono, unamwambia "ngoja, ngoja", unabana midomo kwa vidole viwili, halafu unacheka hmm-hmm-hmm. Kwenye bomba la maji akina mama wote wako hivyo: mabega yanatikisika, machozi yanatoka, vinywa vimefungwa kabisa. Mgeni akipita atafikiri tuko kwenye kilio.

Ninayetaka kumsimulia ni Mama Mianda, mdogo wa mama yangu, ambaye mimi namwita Mama Mudogo. Nyumba yake inatazamana na yetu. Ni mfupi, mnene kiasi, anatembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni, na hawezi kufika kwa watu mikono mitupu. Hata akija kwetu kuomba chumvi, atakuja na kitu: yai, kitunguu, jani la mchaichai. Mama yangu anamwambia, "Mianda, lakini umekuya kuomba!" Naye anajibu, "Njo maana nimeleta."

Alifika Kolwezi kwa treni kutoka Kasai alipokuwa amenipita mimi umri kidogo tu, kuja kuolewa na mtu aliyemjua kwa picha. Kwenye picha hiyo Tata Barnabé amevaa kofia ya kuazima inayomfunika mpaka nyusi. Siku ya treni kufika alimngojea kwenye gare, yaani stesheni, na kofia ileile, ili bibi arusi asimkose. Lakini alikuwa peke yake. Wakati ule wafanyakazi wengi wa kambi walikuwa bado hawana wake, na wale wanawake wachache waliokuwepo hakuna aliyemjua bibi arusi. Basi Mama Mianda alishuka na kikapu chake kichwani, hakuna wimbo, hakuna makofi, hakuna hata kigelegele kimoja.

"Mi, bigelegele byangu bilipigwa na mashini," anasema kila mara, akiweka mikono kiunoni na kuiga filimbi ya treni. "Wuuuuuu! Njo vile. Nikashuka, nikaolewa."

Sisi tunabana midomo, tunacheka hmm-hmm-hmm. Tata Barnabé peke yake hacheki. Anatazama viatu vyake. Yeye ni mfua shaba katika atelye, karakana ya mgodi, na nimesikia kwamba mwaka ule wa kwanza aliomba kipande cha shaba kilichobaki, mkubwa wake akamruhusu, akakifua jioni baada ya jioni nyuma ya nyumba mpaka kikawa bakuli. Alipompa mke wake alimwambia, "Kila nyundo ni kigelegele kimoja. Nimechelewa tu." Bakuli hilo linakaa juu ya kabati. Mama Mianda analisugua kwa ndimu na majivu mpaka unaona meno yako ndani yake. Chakula hakijawahi kuligusa.

Wana mtoto mmoja tu, Fidélie. Na mwaka huu Fidélie alichumbiwa na Ngeleka, kijana wa Lubudi anayefanya kazi kwenye simenti. Misa ingekuwa hapa kwetu, Jumamosi ya mwezi wa saba, na baada ya misa jamaa za bwana arusi wangemchukua bibi arusi na kupanda naye treni kwenda Lubudi.

Mwezi wa saba! Mama yangu alisema wangengoja mvua. Lakini kina Ngeleka walikuwa wameshapewa ruhusa kazini, na ruhusa ya kazini haingoji mvua.

Wiki mbili kabla ya harusi kulikuwa na ubatizo kwa majirani. Pale kambini mwenye kigelegele kikubwa ni Mama Agnès, mke wa karani wa duka, mtu wa Katanga ya kaskazini. Akipiga kigelegele, mbwa wa kambi ya pili wanaitika. Basi mtoto akatoka kanisani, Mama Agnès akajaza kifua, akafungua kinywa: "Yi-yi-yi-yi... ayi!" Mdomo wa chini ulipasuka katikati. Damu ikadondoka kwenye blauzi nyeupe. Akina mama wengine wakatazamana, hakuna aliyethubutu, wakapiga makofi tu, makofi makavu kama ya kufukuza kuku.

Mama Mianda alirudi nyumbani bila kusema neno. Mimi nilimfuata kwa sababu Mama Mianda asiposema neno ni jambo la kutazamwa. Alikaa kwenye kigoda, akainua macho juu ya kabati.

"Odile, mama," akaniambia, "mi nilishuka kimya. Fidélie hatapanda kimya. Unasikia? Mutoto wangu hatapigiwa bigelegele na mashini."

"Sasa tutafanya nini, Mama Mudogo? Midomo ya watu yote imepasuka."

"Njo tutaitengeneza."

Na kwa kuwa hawezi kufika kwa watu mikono mitupu, alikuwa ameshaona jambo zima: kila mama wa mstari wetu wa nyumba atapewa zawadi yake, kakopo kamoja ka mafuta ya midomo, kamefungwa kwa kipande cha kitenge cha harusi. Atajipaka, mdomo utalainika, na siku ya siku atafungua kinywa mpaka masikioni.

Ah, siku zile! Shuleni kwa masista nilikuwa sisikii hata somo la kushona; nilikuwa nawaza makopo tu. Tuliwaomba wasichana wa darasa letu watuletee makopo ya sirazi, ile rangi ya viatu, yale madogo ya duara ambayo baba zao wakishamaliza wanayatupa. Wakaleta! Mifuko ya aproni ilikuwa inalia kling-kling kanisani. Tuliyasugua kwa majivu, tukayachemsha, tukayanusa, tukayasugua tena. Fidélie alikuwa ananusa moja, anafunga macho kama padri mbele ya divai, anasema, "Hapana. Hii bado ni kiatu cha kuume." Tunaanguka kwa kicheko, tunashika midomo, "ayi, ayi, usinichekeshe!", halafu anachukua jingine.

Nta tuliipata kwa Mwamba, muuza asali anayetoka porini na baiskeli yake. Ilikuwa donge la rangi ya chai, limefungwa kwa majani, na miguu ya nyuki bado imo ndani. "Njo yote niko nayo," alisema Mwamba akipanda baiskeli. "Mi narudia ku mizinga. Tutaonana ku mvua." Mafuta yalikuwa ya karanga. Mama Mianda aliyakamua mwenyewe: alitwanga, akachemsha, akaengua juu taratibu kwa kijiko, na sisi wawili tulikuwa tunaiba makapi ya karanga nyuma ya mgongo wake.

Ikaja siku ya kuyeyusha. Mama yangu alileta chungu cha udongo. "Kwetu tulikuwa tunayeyushia nta mu chungu," akasema.

"Kwetu kulikuwa chungu," akajibu Mama Mianda. "Hapa tuko Katanga. Batu banatoka ng'ambo ya bahari kutafuta shaba, na mi iko yangu juu ya kabati, inaangalia mbu tu! Harusi ya Fidélie isipoitumia, itatumika siku gani?"

Akapanda kwenye kigoda, akalishusha bakuli.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nta iliyeyuka ndani ya shaba ikawa kama jua lililokaa kwenye bakuli. Tulichuja miguu ya nyuki kwa kitambaa, tukatia mafuta ya karanga, asali kijiko kimoja, na mchaichai uliopondwa. Nyumba ikanukia mpaka mama mmoja njiani akauliza kuna mgonjwa gani anayepikiwa vizuri hivyo. Fidélie alichovya jani, akalipuliza, akajipaka. "Iii! Inateleza!" Akatupaka na sisi. Midomo yetu ilikuwa laini, laini kama ya mtoto mchanga, na tulicheka kidogo kwa kinywa, kwa majaribio, na haikuuma sana.

Lakini makopo mengine yalikuwa bado yananukia kiatu, na Tata Barnabé alikuwa karibu kurudi kazini. Mama Mianda alitaka iwe ajabu kwake pia: amwone mke wake anafungua kakopo mbele ya watu wote na kusema, hii imepikwa katika bakuli lako. Basi tukalifunika bakuli kwa kitambaa, na mafuta ndani yake, tukalisukuma chini ya kitanda. Tutajaza makopo yakishakuwa tayari.

Yalikuwa tayari mchana wa kuamkia harusi. Mama Mianda akavuta bakuli kutoka chini ya kitanda, akafunua.

Tuliinama wote watatu kutazama.

Mafuta yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani. Kijani cha yale mawe tunayookota watoto njiani kwenda mgodini, yale yenye mistari, ambayo ukiyalowesha yanang'aa. Pembeni, pale yalipogusana na shaba, kijani kilikuwa kikali zaidi, na katikati kilikuwa kama kijani kilichokunywa maziwa.

"Yezu, Mariya na Yozefu," akasema Mama Mianda.

Fidélie aliketi kitandani, akaanza hmm, hmm, halafu akajifunika na mto.

"Usicheke! Ni ukungu tu. Odile, lete chungu cha mama yako."

Tukayeyusha upya ndani ya chungu. Yakawa maji ya kijani. "Ikipoa itageuka," alisema Mama Mianda, akayamimina ndani ya makopo. Yakapoa. Yakazidi. Sasa tulikuwa na makopo mengi safi yaliyojaa jiwe la mgodini linalonukia mchaichai. Alijipaka kidogo, akatazama kwenye kioo cha ukutani. Mdomo wake ulikuwa kama wa mtu aliyebusu mlango uliopakwa rangi asubuhi.

Wakati huo huo Tata Barnabé akaingia. Alivua kofia, akanusa, akatazama kinywa cha mke wake kwa muda mrefu. Halafu akachukua kakopo, akakasogeza dirishani.

"Nani alilaza mafuta mu shaba?"

Bakuli lenyewe lilikuwa mezani, na duara la kijani ndani.

"Mianda! Ku atelye tukisahau grisi juu ya shaba, asubuhi inakuwa hivi hivi. Shaba na mafuta habilale kitanda kimoja. Ungeniuliza!"

"Sasa nikuulize namna gani, na nilitaka ushangae?"

"Nimeshangaa," akasema Tata Barnabé. "Ah, hapo, nimeshangaa kabisa." Na mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini alipoona macho ya mke wake, aliacha. Akasugua kakopo kwa kidole gumba, akasema polepole, "Kupaka, paka. Haiui mudomo. Lakini kulamba, hapana. Ukimeza, utatapika. Kabla ya kula, pangusa."

"Hakuna atakayepaka," alisema Mama Mianda. "Ba bakwe banafika kesho. Niwaonyeshe bibi harusi mwenye ba mama ba kijani? Batasema shiye Baluba ba Kasai tunakula na mbuzi." Akapanga makopo kikapuni, akayafunika, akaketi juu ya kigoda, na mgongo wake mfupi, ambao siku zote umenyooka, ulikuwa umepinda. Nta ilikwisha. Mwamba alikuwa porini. Mvua ilikuwa mbali.

Kesho yake misa ilikuwa nzuri. Fidélie alikuwa amevaa shela, Ngeleka alikuwa ametoa jasho katika baridi ile, na baada ya kula tulikwenda wote gare kwa miguu. Mama Mianda alikuwa amebeba kikapu chenye makopo. Nilimuuliza kwa nini amekileta. "Sijui," akasema. "Mikono yangu ilikichukua."

Wanawake wa Lubudi walikuwa wengi, wamevaa vitenge vya namna moja, na mkubwa wao alikuwa Mama Mbuyu, dada wa baba yake Ngeleka, mrefu kama mlango. Nilidhani watatushinda kwa nyimbo. Lakini walipopanga mstari wao na kuanza wimbo wa kumchukua bibi arusi, nilisikia nini? Hmm-hmm-hmm! Vinywa vimefungwa! Kumbe Lubudi nako kuna baridi, na juu yake vumbi la simenti. Na upande wetu akina mama nao wakajibu, hmm-hmm-hmm. Gare yote ilikuwa inavuma kama mzinga. Mkubwa wa gare alitoka ofisini kutazama kama kuna hitilafu kwenye mashini.

Treni ilikuwa tayari. Masanduku yamepandishwa, sufuria zimepandishwa, kuku wawili wamepandishwa. Fidélie akakumbatia baba yake, akatukumbatia sisi, akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa. Hapo ndipo. Ndipo pale kabisa panapotakiwa kigelegele. Mama Agnès alijua. Alijaza kifua, akafungua kinywa.

"Yi... ayi, mama wee!" Akaziba mdomo kwa kiganja.

Kimya. Fidélie aligeuka juu ya ngazi. Sikuona uso wake vizuri kwa sababu ya shela, lakini nilimwona Mama Mianda akimwangalia. Na ng'ambo kule mbele dereva alikuwa ameshika kamba ya filimbi.

Mama Mianda aliweka kikapu chini. Akachukua kakopo, akafungua kitambaa kwa meno, akachota kwa kidole, si kidogo, akajipaka mdomo wa juu, mdomo wa chini, mpaka pembeni. Akanyoosha mgongo. Akafungua kinywa cha kijani mbele ya wakwe wote wa Lubudi.

"Yiyiyiyiyiyiyiyiyi!"

Kilikuwa kirefu, kikapanda, kikageuka juu kama ndege, kikashuka, kikapanda tena. Mpaka kuku walinyamaza.

Alipoishiwa pumzi, watu wote walikuwa wanamtazama mdomoni. Mama Mbuyu wa Lubudi alipiga hatua mbili mbele, akainama kutoka juu kule alikokuwa.

"Mukwe," akasema, "kwenu ku harusi munakula majani?"

Nilitamani reli inimeze. Lakini Mama Mianda hakushusha macho.

"Majani iko ku Lubudi, mama. Shiye ni batu ba Kolwezi. Tukifungua kinywa, ni shaba njo inatoka."

Mama Mbuyu akanyoosha mkono mrefu. "Lete na kwangu nijaribu."

"Eh! Mi kwanza!" Huyo alikuwa Mama Agnès, damu bado kidevuni, ameshaingiza mkono wote kikapuni. "Mi ni jirani! Zawadi ni yangu tangu zamani, alinificha tu! Mianda, ulikuwa unangoja tuzikwe nayo?"

Basi ikawa vurugu. Kikapu kilizungukwa, vitambaa vikaruka, vidole vya kijani kila mahali, mama yangu anampaka mama wa Lubudi asiyemjua jina, mama wa Lubudi anampaka mama yangu mpaka puani.

"Musilambe!" Tata Barnabé alikuwa anapiga kelele, anazunguka na kofia mkononi. "Ba mama, kupaka tu! Musilambe, itawatapisha!"

"Tata Barnabé, kuya nikupake na weye!"

"Mi niko mwanaume!"

"Na shaba ni ya nani? Kuya hapa!" Wakamshika wawili. Wakampaka.

"Inauma?" nilimuuliza Mama Agnès.

"Inauma," akasema, anajikunja kwa kicheko, "lakini inateleza!" Akarudi nyuma, akajaza kifua kwa mara ya tatu.

Siwezi kuandika kilichofuata, hakuna herufi zake. Kambi yetu na Lubudi pamoja, vinywa wazi mpaka magego, vyote vya kijani, yiyiyiyiyi, mmoja akiishiwa pumzi mwingine anadaka, na katikati Mama Mianda anazunguka kama pia. Fidélie alipanda. Alipanda polepole sana, ngazi moja, anageuka, ngazi nyingine, anageuka, kama mtu anayetaka ngazi ziongezwe. Halafu akatokea dirishani, ameinua shela.

"Mama! Na mi je? Zawadi yangu?"

Mama Mianda akamrushia kakopo. Fidélie akajipaka, akabusu kioo cha dirisha, na mdomo wake ukabaki pale, mzima, wa kijani.

Mkubwa wa gare akapuliza filimbi yake ndogo, hakuna aliyeisikia. Akapuliza tena. Ndipo dereva akavuta kamba: Wuuuuuuu!

"Musikie!" akapaza sauti Mama Mianda, akishika mkono wa mume wake. "Barnabé, sikia! Leo inaitika tu! Leo ni shiye tulianza!"

Tata Barnabé hakutazama viatu. Alitazama treni mpaka ikapinda, na midomo yake ya kijani ilikuwa wazi chini ya kofia.

Tulirudi kwa miguu, vumbi jekundu linatufuata, hakuna aliyethubutu kulamba mdomo. Kwenye njia panda tulikutana na wanaume wanaotoka zamu. Wakasimama. Wakatutazama mmoja mmoja, wakamtazama Tata Barnabé, na mmoja wao akauliza kwa adabu kama tuko wazima.

Tulicheka. Kwa kinywa.